Jumapili ile mtandao ulipokatika, jua likasingiziwa

Jumapili ya Mei 12, 2024, mafundi simu wa Mwanga hapa Kigoma walipata wateja wasio na ugonjwa wa kutibiwa. Mtu analeta simu, anasema haifungui WhatsApp. Fundi anaigeuza, anaiwasha na kuizima, anairudisha: simu nzima, mtandao ndio mgonjwa. Kufika mchana sababu ilikuwa imeshapatikana. Tangu Jumamosi simu za watu zilikuwa zimejaa picha za anga jekundu na la zambarau kutoka Ulaya na Marekani, pamoja na maneno kwamba dhoruba kubwa ya jua imeipiga dunia. Ijumaa jua limepiga, Jumapili mtandao umekufa. Kijiweni ungedai ushahidi gani tena?

Dhoruba yenyewe, yaani upepo wa chembe kutoka kwenye jua ukija kwa nguvu isiyo ya kawaida na kuitikisa sumaku ya dunia, haikuwa uzushi. Ilitua Mei 10, majira ya saa 2 usiku kwa saa zetu, na baada ya saa chache ikafika daraja la tano, la mwisho katika kipimo kinachotumiwa na Wamarekani kwa dhoruba za sumaku. Daraja hilo halikuwa limefikiwa tangu mwaka 2003. Mtandao nao ulikatika kweli. Ila kilichokatika ni nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Serikali ilitangaza hivyo siku ileile. Februari ya mwaka huohuo nyaya zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu, na Machi zikakatika nyingine nne pwani ya Ivory Coast. Siku hizo hakuna aliyetumiwa picha ya anga jekundu, kwa hiyo hakuna aliyelitaja jua.

Tangu Jumapili ile nimeona watu hapa kwetu wamegawanyika kambi mbili. Ya kwanza imelifanya jua mchawi. Umeme ukizima, ni jua. Kichwa kikiuma, ni jua. Ziwa likifurika, ni jua. Ndiyo kambi inayosambaza ule ujumbe wa kila mwaka, kwamba leo usiku kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 zima simu na uiweke mbali na kitanda, mionzi ya anga inapita karibu na dunia. Ya pili ina wasomi wengi zaidi. Hiyo inasema mambo haya ni ya Wakanada na Wanorwei. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, upepo wa jua hautuhusu ndewe wala sikio. Kambi ya kwanza ni rahisi kuicheka. Ya pili ndiyo inayonisumbua, kwa sababu nusu ya inayoyasema ni kweli, na ile nusu nyingine haipimi.

Jina lenyewe, "upepo wa jua", linachangia kupotosha. Wazee wetu waliziita redio za mawasiliano za polisi "simu ya upepo", na upepo ule haukupeperusha kitu. Huu wa jua pia hautikisi jani. Ni chembe zenye chaji, hasa protoni na elektroni, zinazotoka kwenye tabaka la nje la jua na kusambaa pande zote bila kukoma. Zikimaliza safari ya kilomita milioni 150 na kutufikia, baada ya siku tatu au nne, zinakuwa haba mno, kama tano hivi katika kila sentimita ya ujazo. Hewa tunayoivuta ni nzito kuliko hapo kwa kiasi ambacho akili haikishiki. Kinachotisha ni mwendo: wastani wa kilomita 400 kwa sekunde. Tabora hadi Kigoma, ukinyoosha mstari, ni chini ya sekunde moja. Sisi wa reli ya kati tunalala njiani.

Aliyeukisia upepo huu kwa hesabu ni Eugene Parker, mwaka 1958, na nusura andiko lake litupwe. Wahakiki wawili walilikataa. Mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, naye hakuipenda hoja hiyo, lakini alipokosa kosa katika hesabu aliamua lichapishwe. Mwaka 1962 chombo Mariner 2, kikiwa njiani kuelekea Zuhura, kiliupima upepo huo miezi mfululizo na ubishi ukaisha. Nawakumbusha hili wasomi wetu wa kambi ya pili: kuna wakati waliosema "haiwezekani" walikuwa ndio wataalamu.

Dunia ina ngao, nayo ni sumaku yake. Upepo wa kawaida unaisukuma ngao hiyo na kupita pembeni, kama maji ya mto yanavyolipita jiwe. Shida huanza upepo unapobadilika: ukiongeza mwendo, ukijaa chembe, au ukija na uga wake wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayosafiri nao, ulioelekea kusini. Hili la mwisho ndilo linaloamua zaidi. Ukielekea kaskazini, upepo mkali unaweza kugonga mlango na kuondoka. Ukielekea kusini, unaungana na uga wa dunia na mlango unafunguka. Mei 2024 matapishi kadhaa ya jua, yaani mawingu makubwa ya chembe na sumaku, yalifuatana kutoka kundi moja la madoa, zile sehemu nyeusi za uso wa jua zenye sumaku kali, ya nyuma yakayakuta ya mbele, yakatufikia yamebanana kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 700 kwa sekunde, na uga ukiwa kusini kwa saa nyingi.

Lakini tusidhani kila badiliko lisilo la kawaida ni la kuzidi. Mabadiliko ya upepo wa jua ambayo mimi nayaona ya ajabu kuliko yote hayakuwa ya kuzidi, yalikuwa ya kupungua. Kuanzia Mei 10 hadi 12, 1999, tarehe zilezile za mkasa wetu, robo karne kabla, upepo wa jua ulikaribia kutoweka. Chembe zilishuka hadi chini ya 0.2 kwa sentimita ya ujazo, yaani ulibaki mdogo kuliko sehemu moja ya ishirini ya kawaida yake. Ngao ya dunia, kwa kukosa kinachoibana, ilivimba mara tano hadi sita. Vyombo vya angani vilishangaa, wanasayansi wakaandika. Huku chini hakuna taa iliyozima. Ujumbe wa "zima simu" ungesambazwa wiki ile, ungekuwa umelikosa tukio kwa upande wa pili.

Halafu kuna yale ya polepole. Mwaka 2008 chombo Ulysses, kilichokuwa kikilizunguka jua tangu miaka ya 1990, kilionyesha kwamba msukumo wa upepo umeshuka kwa zaidi ya asilimia 20 tangu katikati ya miaka ya 1990, chini kuliko wakati wowote tangu binadamu aanze kuupima. Wapo waliotabiri jua linaingia usingizi wa miongo. Badala yake tangu hapo upepo umekuwa ukipanda. Upepo ukilegea, mionzi ya mbali ya anga hupenya zaidi kwenye mfumo wa jua, ukikaza, hupungua. Kwa hiyo hata ile mionzi inayosingiziwa saa 6:30 za usiku haiji kwa miadi, na hutufikia kila saa ya kila siku tangu dunia iwepo.

Sasa tuisikilize kambi ya pili kwa haki yake. Ushahidi wake ni mzito. Machi 13, 1989, dhoruba ya sumaku iliizima gridi ya Quebec, Kanada, ndani ya dakika mbili, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa tisa. Oktoba 2003 ilikuwa Malmö, Sweden. Sehemu hizo ziko juu kaskazini, chini ya mikondo mikubwa ya umeme inayopita angani karibu na ncha za dunia. Mikondo ile ikitikisika, inasukuma umeme ndani ya ardhi, na umeme huo unapanda kwenye nyaya ndefu kupitia transfoma. Kwetu mikondo hiyo haifiki. Uga wa sumaku hapa Kigoma ni zaidi kidogo ya nanotesla 30,000 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Dhoruba ya Mei 2024 katika maeneo ya karibu na ikweta iliupunguza kwa kama 400. Hiyo ni kama asilimia moja, tena kwa saa kadhaa. Dira ya nahodha wa boti isingejua.

Hapo kambi ya pili hufunga daftari. Mimi naona ilipaswa kulifungua ukurasa wa pili.

Usiku wa Februari 4, 1872, mianga ya aurora, ile rangi ya angani tunayoihusisha na barafu, ilionekana Bombay na Khartoum. Khartoum! Usiku huo David Livingstone na Henry Stanley, waliokuwa wamekutana Ujiji miezi michache kabla, walikuwa njiani kuelekea Tabora. Waliingia Kwihara, karibu na Tabora, Februari 18. Ikweta si ukuta. Dhoruba ikiwa kubwa vya kutosha hushuka mbali sana na makao yake, na ile ya 1872 ilikuja wakati huku kwetu hakuna waya wa kuungua. Ilipoingia karne ya 20 ndipo waya wa telegrafu wa Cecil Rhodes, uliokusudiwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, ulifika Ujiji ukakomea hapo. Leo tuna waya za kutosha.

Tuanze na umeme. Kigoma kwa miaka mingi iliishi kwa majenereta ya dizeli, kila mji na mashine yake na mlio wake. Mfumo wa namna hiyo jua haliwezi kuufanya kitu, kwa sababu umeme wa ardhini unahitaji waya mrefu wa kupandia. Sasa tumeunganishwa na gridi, na njia ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi kuja Kigoma ina urefu wa karibu kilomita 280. Je, tumejinunulia hatari? Afrika Kusini ilifikiri iko salama kwa kuwa mbali na ncha, lakini baada ya dhoruba za mwishoni mwa 2003 transfoma zake kadhaa ziliharibika, si kwa kulipuka siku ileile, bali kwa kuchoka taratibu miezi iliyofuata. Hata hivyo Afrika Kusini iko mbali zaidi kuliko sisi na ikweta ya sumaku, ule mstari ambao sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi. Maoni yangu: kwa umeme wa Kigoma na Tabora, jua ni la mwisho katika orodha ndefu yenye radi, miti, nguzo zilizooza, na mashine. Anayenunua transfoma mpya aulize swali moja la ziada kuhusu mkondo wa moja kwa moja unaopenya kupitia ardhi, akishajibiwa aendelee na radi.

Penye uzito ni kwingine kabisa, na hapa kuwa karibu na ikweta kunatuponza.

Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kama kilomita 80 kwenda mamia ya kilomita, kuna tabaka la hewa iliyochajiwa na jua liitwalo ionosfea. Mawimbi ya GPS hupita humo yakitoka kwenye setilaiti kuja kwenye simu yako. Kwenye ikweta ya sumaku, ambayo hapa Afrika Mashariki haipiti Kenya bali Ethiopia, chaji hizo mchana hunyanyuliwa juu kama maji ya chemchemi, kisha humwagika pande mbili, kaskazini na kusini, kiasi cha nyuzi 15 kila upande. Fanya hesabu. Ikweta hiyo iko kama nyuzi 10 kaskazini. Kigoma na Tabora ziko nyuzi 5 kusini. Sisi tumekaa palepale chemchemi inapomwagikia. Mnorwei ana aurora, sisi tuna hili, na tofauti ni kwamba letu halionekani kwa macho, kwa hiyo halipigwi picha wala halisambazwi.

Matokeo yake ni mawili. Alasiri, chaji zikiwa zimejaa na hazikusambaa sawasawa, vipimo vya GPS huteleza. Na baada ya jua kuzama, kuanzia saa 2 hadi kama saa 6 usiku, mapovu ya hewa nyepesi hupanda ndani ya tabaka hilo na mawimbi yakipita humo yanameta kama nyota inavyometa. Kifaa kinaweza kuipoteza setilaiti, kuipata, na kuipoteza tena. Hali hiyo huzidi miezi ya Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba, katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Haihitaji hata dhoruba. Upepo wa jua ukibadilika ghafla huja kuivuruga zaidi, na kwa njia isiyotabirika kirahisi, kwani dhoruba moja inaweza kuyachochea mapovu na nyingine kuyazima kabisa usiku huohuo.

Nani anaumia? Saa hizo ndizo wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wako katikati ya ziwa na taa zao. Lakini mvuvi anayetumia simu kurudi mwaloni hajali kosa la mita 20. Akifika karibu anaziona taa za mji na pua inamwambia. Kwake yeye dhoruba ya ziwani, ile ya upepo halisi, ndiyo inayoua. Mpima ardhi ni habari nyingine. Anafunga kifaa juu ya bikoni akitaka sentimita mbili, na kosa la nusu mita ni kesi ya mpaka itakayorithiwa na wajukuu. Mei 2024 wakulima wa Marekani, ambao matrekta yao hupanda mbegu kwa kuongozwa na GPS, walilazimika kusimama katikati ya msimu kwa sababu mistari ilikuwa inapinda. Kwetu matrekta hayo bado, lakini upimaji wa viwanja unakimbia kila kata, na reli mpya ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ni kazi ya vipimo tangu jiwe la kwanza. Reli yenyewe ikishawekewa umeme itakuwa na maswali yake. Julai 1982 nchini Sweden taa za reli zilijiwashia nyekundu bila treni yoyote mbele, kwa sababu ya umeme wa ardhini wakati wa dhoruba. Nyekundu ya uongo inachelewesha tu. Ni kijani ya uongo ambayo mhandisi anapaswa kuilalia macho wazi.

Redio nayo ina kisa chake, ingawa hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Upepo wa jua huchukua siku kufika. Mlipuko wa jua, ule mwako wenyewe, hufika kwa mwendo wa mwanga, dakika nane, na mionzi yake ya eksi huyaziba masafa mafupi ya redio upande wote wa dunia ulio mchana. Huziba zaidi pale jua lilipo utosini, yaani kwetu sisi kuliko kwa Mnorwei. Septemba 6, 2017, saa 9 alasiri kwa saa zetu, ulitokea mlipuko mkubwa sana. Habari zilizosambaa zilikuwa za Karibi, ambako waokoaji wa kimbunga Irma walipoteza mawasiliano ya redio. Lakini saa ile lililokuwa limelikabili jua uso kwa uso ni bara la Afrika. Mzee mmoja wa Ujiji, msikilizaji wa masafa mafupi tangu enzi za betri nne, aliwahi kuniambia redio "ina siku zake za kununa mchana". Alidhani ni uzee wake au wa redio. Katika mkoa wenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako magari ya misaada bado yanafungwa zile antena ndefu, siku za kununa zinafaa kujulikana.

Na nyaya za baharini? Hapa siwezi kumpa jua haki yote. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hauguswi na sumaku, ndiyo maana Mkongo wa Taifa, kebo kuu ya mtandao nchini, unaokuja Kigoma hadi Manyovu mpakani na Burundi, hauna cha kuogopa. Lakini kebo ndefu ya baharini ina vikuza mawimbi kila baada ya makumi ya kilomita, vinavyolishwa umeme kupitia waya uliomo ndani ya kebo hiyo. Mwaka 2021 Sangeetha Abdu Jyothi wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alionya kwamba dhoruba ya karne inaweza kuviharibu, hasa katika nyaya zinazovuka Atlantiki kaskazini. Nyaya za karibu na ikweta alizihesabu kuwa na hatari ndogo. Wengine wanaona onyo hilo limekuzwa, na dhoruba ya 2024 haikuacha kebo iliyokufa kwa ajili yake. Mimi nasema hivi: hata kebo zetu zikipona, mengi tunayoyafungua kwenye simu yamehifadhiwa kwenye mitambo ya Ulaya na Marekani. Nyumba ikiungua huko, mlango wetu mzima utatupeleka wapi?

Nimebakiza madai ya mvua na ziwa, na haya nayachukulia kwa uzito kwa sababu yana historia ya kisayansi. Mwaka 1923 Mwingereza C.E.P. Brooks alilinganisha kina cha Ziwa Victoria na idadi ya madoa ya jua, akakuta vinapanda na kushuka pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilionekana kana kwamba siri ya mvua zetu imepatikana. Kabla muongo haujaisha uhusiano ukavunjika, ziwa likaenda zake na jua likaenda zake. Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Curt Stager lililifufua jambo hilo, likionyesha kwamba vilele vya ziwa katika karne ya 20 vilikuja karibu na vilele vya madoa, na mvua nyingi ikitangulia kama mwaka mmoja. Hoja hiyo si ya kudharau. Lakini kupanda kukubwa kuliko kote kwa karne ile kulianza na mvua za 1961 na kufika kilele 1964, ziwa Victoria na Tanganyika pia, na 1964 jua lilikuwa limetulia chini kabisa. Maji yaliyoanza kula mialo ya Kigoma hivi karibuni yana kisa kilekile: mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 zilinyesha jua likiwa kimya, madoa yamekwisha, na kilichokuwa na joto lisilo la kawaida ni Bahari ya Hindi upande wetu. Aliyejenga karibu na maji na akasogezwa aiulize bahari, na aulize pia kuhusu mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa letu, upande wa Kongo.

Madai kwamba jua linapoteza nyuki wa Tabora nitayapitia haraka. Nyuki huhisi sumaku, hilo linakubalika, na kuna utafiti wa 2014 uliodai siku za dhoruba wengi zaidi hushindwa kurudi mzingani. Inawezekana. Lakini mfugaji wa Sikonge aliyepoteza makundi kumi angeanza kuhesabu miombo iliyokatwa kukaushia tumbaku na dawa zilizopuliziwa shambani kabla ya kuangalia juu. Maumivu ya kichwa nayaacha. Hewa iliyo juu yetu na ngao ya sumaku huifanya mionzi ya dhoruba isifike chini kwa kiasi cha kumdhuru mtu aliyekaa barazani.

Cha kufanya hakina gharama kubwa, na hapo ndipo ninapotofautiana na kambi zote mbili. Vyombo vilivyowekwa kilomita milioni 1.5 upande wa jua huuonja upepo dakika 15 hadi 60 kabla haujatufikia, na taarifa zake ni bure. Tangu Novemba 2022 kituo cha Hermanus, Afrika Kusini, kinaangalia hali ya anga la juu kwa ajili ya bara zima usiku na mchana. Hermanus hiyohiyo ni moja ya vituo vinne ambavyo vipimo vyake vya sumaku hutumika duniani kote kuhesabu ukubwa wa dhoruba, na vyote vinne vimechaguliwa kwa kuwa mbali na ncha. Kwa maneno mengine, dhoruba hizi tunazoambiwa ni za kaskazini hupimwa kwa jinsi zinavyotugusa sisi wa huku.

Mwaka jana nilipimiwa kiwanja, nje kidogo ya mji. Kijana mpimaji alisimamisha kifaa kwenye bikoni ya kwanza, karibu na mwembe, saa 9 alasiri. Kikagoma kufiksi, yaani kushika vipimo vya setilaiti. "Mzee, ni huu mti," akasema, tukahamia bikoni ya pili, pa wazi. Kikakubali mara moja, tukacheka, tukaulaani mwembe. Kesho yake alasiri alirudi kuhakiki ile ya pa wazi, mbingu nyeupe, hakuna jani juu yake. Kikagoma saa nzima. Alirudi tena siku ya tatu saa 1 asubuhi, akapima bikoni zote mbili, ya mwembe pia, kwa muda wa kunywa chai.